Shahidi Aliyejiharibia Ushahidi

Watu wengi husadiki kuwa jicho halidanganyiki. Sikio, husema, ni mlango usio na bawabu; huingia lolote liwalo, la kweli na la uzushi; lakini jicho ni bawabu mwenye taa mkononi. Mimi pia nilikuwa miongoni mwa watu hao mpaka usiku mmoja nilipoketi mbele ya kompyuta, pamoja na mzee jirani yangu hapa Mombasa, kutazama filamu ya kale iitwayo Africa Addio. Nilitaraji kuona historia. Niliyoyaona yalinitia huzuni ya namna mbili: huzuni kwa mambo yaliyoonyeshwa, na huzuni kubwa zaidi kwa namna yalivyoonyeshwa. Ni juu ya huzuni hii ya pili nataka kusema.

Kwanza nieleze filamu yenyewe ni nini. Ilitolewa Italia mwaka 1966, na jina lake maana yake ni "Kwaheri Afrika". Watengenezaji wake ni wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi. Watu hawa walikuwa wamekwisha kujipatia jina kwa filamu ya Mondo Cane ya mwaka 1962, waliyoitengeneza pamoja na mwenzao Paolo Cavara. Filamu hiyo ya kwanza ilikusanya vioja na vitisho kutoka pembe mbalimbali za dunia, ikaviunga kimoja baada ya kingine, ikavitangaza kuwa ni mambo ya kweli matupu. Umma uliipenda, waigaji wakatokea, na pakazuka aina nzima ya filamu ambazo bidhaa yake ni mshtuko. Kwa Africa Addio mabwana hawa walizunguka bara letu kwa miaka kadhaa, wakati ule ule bendera za wakoloni zilipokuwa zikishuka na bendera mpya zikipanda. Walipita Kenya, Tanganyika, Unguja, Kongo na Afrika ya Kusini. Hakuna mwandishi wa historia asiyewaonea wivu kwa nafasi hiyo waliyoipata.

Mimi niliitafuta filamu hii kwa ajili ya darasa langu. Tulikuwa tukisoma habari za uhuru, na mwanafunzi mmoja akauliza kama zipo picha za kutembea za siku zile, ili waone na macho yao badala ya kuambiwa. Swali lilikuwa jema. Nilikuwa nimesikia kuwa katika filamu hii zimo picha za Kenya ya mwaka 1963 na Unguja ya mwaka 1964. Lakini mpishi mwangalifu huonja kabla ya kupakua, nami nikaazimia kuitazama kwanza bila wanafunzi. Jirani yangu alipopata habari aliniomba nimwalike. Yeye alizaliwa Ng'ambo, Unguja, akaletwa Mombasa na mama yake mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kaka yake mkubwa alibaki nyuma, na tangu mwaka huo hawajapata habari zake. "Labda, mwanangu," alisema, "walimpiga picha."

Uadilifu wataka sifa zitangulie lawama, na sifa za filamu hii si chache. Rangi zake zapendeza mpaka leo. Mpiga picha wake, Antonio Climati, alikuwa na jicho la fundi. Vumbi la nyika na wanyama wakikimbia ameviweka mbele yetu kana kwamba twaweza kuvinusa. Muziki wa Riz Ortolani ni mtamu. Wala hatuwezi kusema watu hawa walikuwa waoga. Katika siku za maasi ya jeshi la Tanganyika, mwezi wa Januari 1964, walikamatwa na askari mjini Dar es Salaam, na wao wenyewe husimulia kuwa waliponea chupuchupu kwa sababu hati zao za kusafiria ziliwatambulisha kuwa ni Waitalia. Ufundi walikuwa nao, na ushujaa walikuwa nao. Walichopungukiwa ni kitu cha tatu, ambacho bila yake ufundi na ushujaa huwa silaha mikononi mwa mlevi.

Kitu hicho nilianza kukikosa mapema, katika sehemu ya Kenya. Bendera ya Uingereza yashuka, walowezi waondoka, mali zao zauzwa, muziki walia kwa niaba yao. Kila picha peke yake yaweza kuwa ya kweli. Walowezi waliondoka, na hapana shaka wako waliotoa machozi ya kweli. Lakini mtazamaji asiyeijua nchi yetu ataondoka akiamini kuwa watu wema walinyang'anywa bustani waliyoipanda. Hataambiwa kuwa kuanzia mwaka 1962 mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa kwa fedha, katika mpango wa makazi wa ekari milioni moja. Kuwa fedha nyingi za mpango huo zilikuwa mikopo. Na kuwa wakulima wa Kiafrika waliopewa vipande vya ardhi walipewa na deni juu yake. Wala hataonyeshwa Hola, ambako mwezi wa Machi 1959 watu 11 waliokuwa kizuizini walipigwa hadi kufa, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ikadai kuwa walikufa baada ya kunywa maji. Machozi ya mlowezi yamepewa muziki. Ya mjane wa Hola hayakupewa hata dakika moja.

Hapo wanafunzi wangu wangeuliza: ikiwa picha ni ya kweli, uongo umeingia wapi? Inasimuliwa kuwa katika miaka ya baada ya mapinduzi ya Urusi, fundi wa filamu aitwaye Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja, uso mtulivu usioonyesha furaha wala huzuni. Akaiunga na picha ya bakuli la supu. Akaiunga tena na picha ya maiti katika jeneza. Akaiunga mara ya tatu na picha ya mwanamke. Watazamaji wakamsifu mwigizaji kwa ustadi: jinsi alivyoonyesha njaa, jinsi alivyoonyesha msiba, jinsi alivyoonyesha mapenzi! Kumbe uso ulikuwa ule ule. Maana haikuwamo katika picha. Ilizaliwa katika kiungo. Mwenye mkasi na gundi aweza kumfanya mtu aliyekuwa akilitazama jua aonekane anacheka juu ya kaburi.

Katika Africa Addio mkasi huo haupumziki. Baada ya damu ya nchi nyingi, filamu yatupeleka Afrika ya Kusini, kwenye pwani ya Rasi, na mara kila kitu chang'aa. Wasichana wa Kizungu waruka kwa furaha, mwendo wa picha ukiwa umepunguzwa ili waonekane kama waeleao hewani. Aliyetoka kuona maiti za Kongo atafahamu nini isipokuwa kuwa palipotawala Mweusi pana mauti, na palipotawala Mweupe pana amani? Lakini mbele ya pwani ya Cape Town, ng'ambo ya maji kidogo tu, kiko kisiwa cha Robben. Mwezi wa Juni 1964 Nelson Mandela na wenzake walihukumiwa kifungo cha maisha, na yeye akapelekwa huko. Kamera iliyovuka jangwa na misitu kutafuta huzuni ya Afrika haikuweza kugeuza shingo kutazama kisiwa hicho. Kunyamaza nako ni kusema.

Sasa nije kwenye jambo zito zaidi, nalo ni kupanga matukio. Mkasi hudanganya kwa vitu vilivyokuwapo. Mpangaji huongeza visivyokuwapo. Tarehe 11 Juni 1963 mtawa wa Kibuddha, Thich Quang Duc, alijitia moto katika njia panda ya mji wa Saigon, kulalamikia dhuluma waliyotendewa watu wa dini yake. Mwandishi wa habari Malcolm Browne alikuwapo akampiga picha, na picha ile ilitikisa dunia. Katika mwaka ule ule wa 1963 ilitoka filamu ya pili ya Mondo Cane, nayo ikaonyesha mtawa akiungua. Lakini onyesho hilo halikuwa la Saigon. Lilitengenezwa kwa hila za sinema. Fikiri juu ya jambo hili, msomaji. Mtu ameutoa uhai wake kweli, na picha ya kweli ipo. Akatokea mchuuzi akafanya mfano wake kwa hila, akauweka sokoni kando ya ile ya kweli. Mtazamaji akishagundua hila ya pili, je, moyo wake hautaanza kuitilia shaka hata ile ya kwanza?

Kuhusu Africa Addio yenyewe, shutuma kubwa ilitokea hata kabla filamu haijatoka. Mwishoni mwa mwaka 1964 mwandishi wa Kiitalia, Carlo Gregoretti, aliyekuwa amefuatana na watengenezaji hao katika Kongo, aliandika katika gazeti la L'Espresso kuwa mamluki waliwaua watu kwa namna iliyopangwa ipatane na haja za kamera. Shutuma hiyo ni nzito kupita zote awezazo kutupiwa mpiga picha. Mahakama ya Italia ililipeleleza jambo hilo, na Jacopetti akaonekana hana hatia. Mimi si hakimu, wala sipendi kumfungulia mtu kesi aliyoishinda, hasa kwa kuwa alifariki mwaka 2011 na hawezi kunijibu. Nasema hili tu: shutuma kama hiyo haikumshangaza mtu aliyezijua kazi zao. Mtu asiyejulikana kwa wizi hapekuliwi kila kuku akipotea.

Watu wa zama zile hawakunyamaza. Mwezi wa Agosti 1966 filamu ilipoonyeshwa Berlin Magharibi, wanafunzi wa Kiafrika na wenzao wa Kijerumani waliipinga ndani na nje ya ukumbi. Na ilipopelekwa Marekani, ilipunguzwa sana na kupewa jina la kutangaza damu na matumbo. Nadhani wauzaji hao wa Marekani walikuwa wakweli kuliko watengenezaji: waliondoa mavazi ya historia wakaacha bidhaa yenyewe wazi.

Na bidhaa hiyo, wapenzi wasomaji, huchacha upesi. Katika nusu saa ya kwanza nilifumba macho mara kadhaa. Saa ya kwanza ilipotimia nilikuwa nikitazama bila kufumba. Katika saa ya pili, lazima nikiri kwa haya, nilipiga mwayo. Nilipiga mwayo mbele ya maiti za watu! Hapo nilijiogopa mwenyewe. Watetezi wa filamu za namna hii husema kuwa mshtuko huamsha dhamiri iliyolala. Yamkini mshtuko mmoja huamsha. Lakini mishtuko mia hulevya. Mpiga ngoma asiyejua kunyamaza huwafanya watu wasisikie tena ngoma. Ndiyo maana mtengeneza vitisho hana budi kuzidisha kila mara, na pale maisha yasipompa kitisho kikubwa kuliko cha jana, hushawishika kukitengeneza. Uongo katika kazi za namna hii si ajali. Ni mwisho wa njia waliyoichagua tangu mwanzo.

Tulifika sehemu ya Unguja. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiangusha serikali ya Sultani Jamshid, mwezi mmoja tu na siku chache baada ya uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963. Idadi ya waliouawa katika siku zilizofuata haijaafikiwa hata leo. Watengenezaji walipita juu ya kisiwa siku chache baadaye, na picha wameipiga kutoka angani: watu wakienda kwa safu, watu waliokusanywa pamoja, makaburi, maiti zilizolala. Kutoka juu binadamu ni mdogo kama punje ya mchele kwenye ungo.

"Isimamishe hapo, mwalimu," alisema mzee.

Nikaisimamisha. Alivaa miwani, akasogeza kiti mpaka pua yake ikakaribia kioo. Alikuwa akitazama safu ya watu. Aliniambia kuwa kaka yake alitembea akilalia upande mmoja, kwa sababu bega lake liliteguka utotoni alipoanguka mwembeni. Kwa muda mrefu alitazama punje zile, moja baada ya moja. Kisha akanigeukia akauliza: "Hawa ni watu hasa, au ni waigizaji? Vijana huniambia ni waigizaji."

Sikuwa na jibu la kumpa. Mimi naamini kuwa picha zile za angani ni za kweli, na mauaji yale hayaihitaji filamu hii ili yawe yametokea. Walioyaona walisimulia na wengine waliandika. Lakini mzee hakuniuliza imani yangu; aliniuliza ukweli wa picha iliyokuwa mbele yetu. Ningemthibitishiaje, hali sauti ya msimulizi iliyokuwa imetoka kunipotosha juu ya Kenya ndiyo hiyo hiyo sasa inayonitaka niisadiki juu ya Unguja? Wazee walisema, samaki mmoja akioza, huoza wote. Nilitambua usiku ule kuwa ubaya mkubwa wa picha ya kubuni si kwamba yatufanya tusadiki yasiyokuwapo. Ubaya wake mkubwa ni kwamba yatufanya tusisadiki yaliyokuwapo. Mwongo huwaiba walio hai mara moja. Wafu huwaiba mara mbili: kwanza walinyang'anywa maisha, kisha wakanyang'anywa shahidi.

Hili si wazo langu peke yangu. Mtafiti Marie-Aude Fouéré, aliyechunguza jinsi filamu hii inavyotazamwa Zanzibar, alichapisha mwaka 2016 maelezo yanayoonyesha mabishano haya haya: wengine huishika kuwa ushahidi wa yaliyowapata wazee wao, na wengine huikana kuwa ni uzushi. Jambo linalostahili majonzi ya pamoja limegeuka kuwa fimbo ya kupigiana. Anayetaka kuchochea chuki huchukua kipande kinachomfaa. Anayetaka kukana huelekeza kidole kwenye uongo wa watengenezaji. Wote wawili wamepata silaha zao katika ghala moja.

Basi nitawaambia nini wanafunzi wangu? Sitawaambia wasitazame picha za kale. Nchi isiyotazama nyuma hujikwaa mbele. Nitawaambia wampime mpiga picha kama hakimu ampimavyo shahidi. Shahidi mwema hutaja mahali aliposimama, na hutofautisha aliloliona na aliloambiwa. Lakini alama yake kubwa ni neno moja dogo: "sijui". Katika saa mbili na zaidi za Africa Addio, sauti ile ya msimulizi haikulitamka hata mara moja. Ilijua moyo wa kila mtu iliyempita juu kwa ndege. Ilijua yaliyopita na yatakayokuja. Shahidi ajuaye kila kitu hajui lolote.

Tuliizima kompyuta kabla ya mwisho. Nilidhani mzee angeaga akalale, lakini alikaa, akaanza kusimulia. Alisimulia usiku waliotoka Ng'ambo, mama akiwa amebeba birika badala ya mkoba kwa kuchanganyikiwa. Alisimulia alivyomwona kaka yake mara ya mwisho, amesimama mlangoni akifunga kifungo cha shati. Nilimwuliza ni nani waliokuwa wakipiga kelele njiani. Akajibu, "Sijui, mwanangu. Palikuwa na giza, na mama alinifunika kanga usoni." Nilimwuliza kaka yake alikwenda upande gani. Akasema, "Hapo pia sijui."

Hapakuwa na rangi wala muziki katika maneno yake, na nilisadiki kila neno. Nilimwomba ruhusa niyaandike, akakubali kwa sharti moja: niandike na pale aliposema hajui. Filamu nimeirudisha kwa mwenyewe. Darasani nitakwenda na daftari hili.